Ubani: Neno Lililosafiri na Mti Uliobaki Nyuma

Mwandishi wa habari za michezo wa Dar es Salaam au Nairobi anapoeleza kwamba timu fulani inautaka ubingwa "kwa udi na uvumba", hakuna msomaji anayefikiria makaa, chetezo wala moshi. Msemo huo umekwisha kuwa sawa na "kwa hali na mali". Vivyo hivyo, inapotangazwa msibani kwamba ofisi ya marehemu imeleta ubani wa shilingi laki tatu, hakuna anayetazamia kuona kifurushi cha utomvu mkavu. Inapokelewa bahasha, na jina la mtoaji huandikwa daftarini. Maneno mawili ya harufu, uvumba na ubani, yameingia katika michezo, siasa na hesabu za matanga, na humo yanaishi bila ya kukihitaji tena kitu kilichoyazaa.

Mhadhara huu unahusu safari ya neno ubani, lakini hauishii kwenye neno. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kiliupokea ubani ukiwa tayari ni bidhaa ya dukani, kikaujengea maana nyingi na nzuri, bila ya kupata kuujua mti wake. Kutojua huko hakukumdhuru mtu kwa karne nyingi. Sasa kuna gharama, nayo inaonekana katika kamusi, katika maduka ya dawa za asili, na huko kwenye majabali ambako miti yenyewe inazeeka bila ya kuacha watoto.

Maziwa ya mti

Asili ya neno haina ubishi mkubwa. Ubani ni lubān ya Kiarabu, kutoka mzizi l-b-n unaohusu weupe na maziwa. Lebona ya Kiebrania, libanos ya Kigiriki na olibanum ya Kilatini ni za ukoo huohuo. Kiswahili kilidondosha sauti ya kwanza, na kwa kufanya hivyo kikapata neno linaloketi vizuri katika ngeli ya U, pamoja na utomvu, ulimbo na ugoro. Tangu hapo neno halikuonekana geni tena. Lakini katika kuvaa vazi hilo jipya lilipoteza kumbukumbu yake: sikio la Kiswahili halisikii maziwa ndani ya ubani, kama sikio la Mwarabu linavyoyasikia katika luban.

Na maziwa ndiyo hasa yanayoonekana mtini. Katika jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, joto linapoanza kupanda mwezi wa Aprili, mchanjaji huuendea mti aina ya Boswellia sacra akiwa na kisu kifupi kiitwacho manqaf. Hakati gome kwa kina. Hulibandua kipande kidogo tu, na kutoka katika kidonda hicho huchuruzika matone meupe mazito. Hayo ni dawa ya mti wenyewe, kinga ya kuziba jeraha. Matone ya kwanza hayana thamani kubwa. Mchanjaji hurudi baada ya wiki mbili hivi, huyakwangua yaliyokauka, hulifungua jeraha tena, na ni katika mizunguko ya baadaye ndipo unapopatikana ubani unaosifiwa. Weupe na uangavu wa punje ndio unaopanga bei. Ule uitwao hojari, utokao nyuma ya milima ya Samhan ambako hewa ni kavu na mvua za kusi hazifiki, huwekwa juu ya ule wa karibu na pwani. Kwa upande wa Somalia, ambako miti mingine huota kwenye mwamba mtupu hata mvunaji hulazimika kuparamia majabali, miti humilikiwa na koo na kurithishwa, na mti mmoja unaweza kulisha vizazi kadhaa kama hautachanjwa kupita kiasi.

Jambo moja linafaa kuongezwa hapa, kwa kuwa linawahusu wanunuzi wa pwani moja kwa moja. Ubani si utomvu mtupu. Ndani yake mna mafuta yenye kunukia, mna utomvu hasa, na mna gundi inayoyeyuka majini. Ndiyo maana punje ya ubani wa kawaida ikisagwa na kutiwa katika maji, maji hugeuka meupe, na maziwa yakaonekana kwa mara ya pili. Sandarusi haifanyi hivyo. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa ardhini na kupelekwa hadi Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Zote mbili ni punje za manjano zinazong'aa, na zote hutoa moshi zikitiwa juu ya makaa. Hata hivyo tofauti yake ya kilugha inashangaza: sandarusi ina msandarusi wake, karafuu ina mkarafuu, nazi ina mnazi. Ubani hauna mti wenye jina lililozoeleka. Anayetaka kuutaja husema "mti wa ubani", kama vile mtu asemavyo "mtu wa maziwa" kwa kutojua jina la jirani yake.

Njia ya bahari

Sababu ya upungufu huo ni ya kihistoria, na inaweza kusomwa katika kitabu kimoja cha kale. Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unazitaja bandari za Afrika tangu Bahari ya Shamu hadi Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania. Katika bandari za pembe ya Afrika, na tena upande wa pili, Arabuni, ubani unatajwa mara kwa mara kuwa ndio bidhaa kuu. Mwandishi anapoingia Azania, ubani unatoweka katika orodha. Azania inatoa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mpaka wa mti ulikuwa tayari umechorwa: kaskazini ni nchi ya wauzaji, kusini ni nchi ya wanunuzi, na Uswahili ulikuja kukua upande wa wanunuzi.

Utajiri uliokuwa kaskazini ulikuwa mkubwa mno. Malkia Hatshepsut wa Misri, katika karne ya 15 kabla ya Kristo, alituma merikebu kwenda Punt, na katika hekalu lake la Deir el-Bahari imechongwa picha ya miti ya uvumba ikibebwa pamoja na mizizi yake ili ikapandwe Misri. Pliny, aliyeandika Rumi katika karne ya kwanza, alilalamika kwamba katika mazishi ya Poppaea, mke wa Nero, yaliteketezwa manukato kuliko Arabuni inavyoweza kutoa kwa mwaka mzima. Huenda Pliny alitia chumvi, hakumpenda Nero. Lakini kwamba mtu aliweza kulipima pigo la msiba kwa wingi wa moshi ni jambo ambalo wazee wa pwani wasingelishangaa.

Kuja kwa ubani katika miji ya Waswahili kulitegemea upepo. Kaskazi iliyateremsha majahazi kutoka Mukalla, Shihr, Dhofar na Ghuba yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na ubani. Kusi iliyarudisha na boriti za mikoko, na baadaye karafuu. Bandari ya Shihr inastahili kutajwa peke yake. Marco Polo aliisifu, kwa jina la Escier, kwa ubani wake mweupe. Waswahili nao walilichukua jina la bandari hiyohiyo wakalifanya jina la watu: Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, ambaye katika Zanzibar na Mombasa alijulikana kama muuza kahawa, hamali au mwenye duka dogo. Kwa hiyo moja ya bandari mashuhuri za ubani ulimwenguni imehifadhiwa ndani ya Kiswahili, lakini imehifadhiwa katika sura ya mtu anayepita mtaani na dele la kahawa, wala si katika sura ya mti.

Jina jingine linaonyesha hali hiyohiyo. Ubani mzuri wa kutafunwa au kulowekwa majini huuzwa pwani na bara kwa jina la "ubani maka". Makka si nchi inayojulikana kwa miti hii. Ni soko na ni mahali pa kukutania mahujaji, na jina linasema bidhaa ilikopitia na heshima iliyoipata njiani. Sehemu kubwa ya ubani wa kutafunwa unaouzwa Bara Arabu hutoka kaskazini mwa Somalia, katika mti wa Boswellia frereana, ambao Wasomali huuita utomvu wake maydi na kuutenga kabisa na beeyo, utomvu wa mti mwingine. Kisomali kina maneno mawili pale ambapo Kiswahili kina moja, kwa sababu Msomali huupanda mti na Mswahili huifungua karatasi ya dukani.

Udi wa walio hai, ubani wa waliotangulia

Kile ambacho Waswahili hawakukijua mtini walikijua sana nyumbani, na hapa ndipo lugha ilipofanya kazi yake ya ustadi. Kwanza, ilivipangia vitu vya kufukizwa daraja zake. Udi, ambao ni kipande cha mti wa mashariki ya mbali kilichojaa utomvu kutokana na maradhi ya mti, ni wa gharama na ni wa anasa: hufukiziwa nguo, nywele na chumba cha maharusi. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamwagiza amfukizie mumewe udi asubuhi na jioni. Anataja udi, hataji ubani, na mpangilio huo haukuja kwa bahati. Ubani ulikuwa wa shughuli nyingine: maulidi, khitima, kisomo cha kuwarehemu wazee, mzazi anayefukizwa katika arubaini yake, mtungi wa maji uliogeuzwa juu ya chetezo ili maji yapate harufu. Buhuri lilibaki kuwa jina la mchanganyiko wowote wa vifukizo. Bila shaka mipaka hii ilivukwa kila siku, na nyumba maskini ilitumia ubani pale nyumba tajiri ilipotumia udi; lakini mipaka ilikuwako, na aliyeikosea alijulikana.

Ni vyema kukumbuka kwamba nafasi ya ubani katika ibada za Waislamu wa pwani ni ya mila. Kurani inataja miski na inataja kafuri, haitaji luban. Kwa hiyo wapo wanazuoni waliouona moshi wa ubani katika visomo kuwa ada tu isiyo na ulazima, na wapo waliouona kuwa ni adabu ya kikao, harufu njema iliyo haki ya waliohudhuria. Mganga wa kupunga pepo naye alikuwa na ubani wake, na pengine hiki ndicho kilichowafanya wengine wautilie shaka, kwa kuwa chetezo kimoja kilitumika kumwita mtume katika mashairi na kumwita shetani katika ngoma.

Katika mazishi hakukuwa na shaka. Mahali pa kuoshea maiti palifukizwa, sanda ilifukizwa, na kafuri ikatiwa. Vitu hivyo vilinunuliwa kwa haraka na kwa fedha taslimu, siku ambayo mfiwa hana akili ya kuhesabu. Jirani aliyekuja na fedha ya kununulia ubani alikuwa amekidhi haja ya saa ile. Huu ndio msingi unaoelekea zaidi kuwa asili ya "kutoa ubani" kwa maana ya mchango wa mfiwa. Kiswahili kina mtindo huu katika shughuli nyingine za maisha. Kilemba ni kitambaa cha kichwani, kisha ni malipo ya heshima kwa mwalimu au kwa mkubwa wa bibi harusi. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, kisha ni haki ya mama wa bibi harusi, malipo ya tumbo lililomzaa. Katika kila tukio fedha inakataa kuitwa fedha. Inaazima jina la kitu kilicho karibu na mwili, ili mtoaji asionekane analipa na mpokeaji asionekane analipwa. Ubani ni wa ukoo huu, na umeufikisha mbali kuliko ndugu zake, kwa maana kilemba na mkaja bado ni maneno ya ndoa, ambapo ubani hutolewa leo na serikali, vyama vya wafanyakazi na makanisa, kwa wafiwa wasiopata kuona chetezo nyumbani mwao.

Makanisani neno lilipata historia ya peke yake. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikuwa na maneno mawili mikononi na vitu viwili vya kuvieleza. Katika Mambo ya Walawi, sadaka ya unga inatiwa mafuta na kuwekewa ubani, na neno la Kiebrania ni lebona. Hapo tafsiri imelenga barabara, neno kwa ndugu yake wa damu. Uvumba umewekwa kwa mchanganyiko wa kufukizia madhabahuni. Lakini katika Mathayo 2:11, ambako Kigiriki kinasema libanos, yaani utomvu wenyewe, Mamajusi wanaleta dhahabu, uvumba na manemane. Biblia ya Habari Njema iliyofuata baadaye imesema ubani. Wapo watakaoliona suala hili dogo. Hata hivyo vizazi viwili vya Wakristo vilikariri kila Krismasi kwamba mtoto aliletewa uvumba, na neno hilo likakaa vichwani kuwa ndilo jina la utomvu ule, wakati padre wa parokia hiyohiyo anaagiza ubani dukani kwa ajili ya chetezo chake.

Dawa, manukato na moshi

Kutokuwa na neno la mti hakukumzuia bibi wa Mkunazini kumfukiza mkwewe. Kunamzuia mjukuu wake kusoma kibandiko cha chupa. Katika maduka ya dawa za asili ya mijini, ubani sasa huuzwa kwa ajili ya magoti, tumbo, pumu, kumbukumbu na hata saratani, na uuzaji huo unajinasibisha na sayansi. Sayansi ipo, lakini inazungumzia miti tofauti kwa majina tofauti. Mwaka 1992 watafiti wa Ujerumani walieleza jinsi asidi za bosweliki, zilizomo katika utomvu, zinavyozuia kimeng'enya kimoja kinachochochea uvimbe. Majaribio kwa wagonjwa wa magoti, likiwamo moja la India la mwaka 2003 lililowahusu watu 30, yalionyesha nafuu ya maumivu; nayo yalitumia Boswellia serrata, mti wa India, katika dondoo lililopimwa. Mwaka 2008 kundi jingine lilieleza kwamba kiambata kinachoitwa insensoli asiteti kilipunguza dalili za wasiwasi na huzuni kwa panya. Kwa panya. Haijafika mbali kiasi cha kumtibu mfiwa.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalo lingerekebishwa kwa sentensi moja ya Kiswahili kizuri. Mafuta ya ubani yanayouzwa katika vichupa hupatikana kwa kukeneka utomvu kwa mvuke. Asidi za bosweliki ni nzito. Hazipandi na mvuke. Kwa hiyo chupa ya mafuta yaliyokenekwa, hata iwe safi kiasi gani, haina kile kinachotajwa kwenye kibandiko chake kuwa ndiyo dawa ya magoti. Harufu imo, na harufu ni kitu chenye thamani yake. Oman ilikwisha kulijua hilo ilipoanzisha Amouage mwaka 1983, nyumba ya manukato iliyoupeleka ubani wa Dhofar katika maduka ya Ulaya. Na huko Muscat, Waomani waliotoka Zanzibar na wanaozungumza Kiswahili majumbani huuita ubani mbele ya jirani anayeuita luban, wote wakinusa kitu kimoja.

Moshi nao si salama kwa kila mtu. Utafiti uliofanywa Oman na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vifukizo huzidisha mbano wa kifua kwa watoto wenye pumu. Muuzaji wa mjini anayempa mama mwenye mtoto wa namna hiyo punje za kufukiza kama dawa ya pumu hana nia mbaya. Ameambiwa kwamba ubani unatibu pumu, na hakuambiwa ni ubani gani, kwa njia ipi.

Miti isiyo na watoto

Sehemu kubwa ya ubani unaofukizwa makanisani duniani hutoka katika Boswellia papyrifera, mti wa Ethiopia, Eritrea na Sudan. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kutoka Eritrea iliyolinganisha mbegu: zile za miti isiyochanjwa ziliota kwa zaidi ya asilimia 80, na zile za miti iliyochanjwa kwa mfululizo ziliota kwa chini ya asilimia 16. Mti unaotumia nguvu zake kuziba majeraha hauna akiba ya kuzaa. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Frans Bongers wa Uholanzi lilitoa matokeo ya uchunguzi wa makundi 23 ya miti hiyo. Zaidi ya robo tatu ya makundi hayo hayakuwa na miti michanga hata kidogo. Kwa miongo mingi hapakuota kitu kilichofikia umri wa kusimama. Moto, mifugo inayokula miche, bungo wa gome na uchanjaji usio na mapumziko vinatajwa pamoja. Makadirio yao yalikuwa kwamba uzalishaji utapungua kwa nusu katika miaka 20. Kisiwani Socotra, chenye aina zake zenyewe za Boswellia zisizopatikana kwingineko, vimbunga viwili vya Novemba 2015, Chapala na Megh, viling'oa miti mingi kwa wiki moja.

Mvunaji wa zamani alijua kuupumzisha mti. Alikuwa mrithi wake na alitazamia kuurithisha. Bei ya vichupa vya Ulaya na Marekani ilipopanda, na vita na umaskini vilipomfukuza mrithi au kumleta mpangaji wa msimu mmoja, sababu ya kupumzisha iliondoka.

Na hapa linakuja jambo ambalo Kiswahili kimelipita bila ya kuliona. Mti wa ubani hauko mbali kama wanunuzi wa Darajani wanavyodhani. Boswellia neglecta unaota katika nchi kame za kaskazini mwa Kenya, Isiolo, Marsabit, Wajir na Mandera, na umefika hadi Tanzania. Kwa kawaida hauchanjwi. Utomvu hutoka wenyewe kupitia majeraha yaliyofanywa na wadudu, na wanawake wachungao mbuzi huuokota wanapopita, pamoja na manemane. Sehemu yake ni nyeusi, kana kwamba kuwatania wanaisimu walioueleza mzizi l-b-n. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imekuwa ikichunguza utomvu huo na kuwafundisha wakusanyaji jinsi ya kuuchambua. Wakusanyaji ni Waborana, Wasamburu, Warendile na Wasomali. Mnunuzi anayefika na mizani huzungumza nao Kiswahili. Katika mazungumzo hayo neno ubani lina nafasi ya kukutana na mti wake kwa mara ya kwanza.

Kamusi za lugha moja bado hazikulisajili kutano hilo. Huueleza ubani kwa maneno machache, utomvu unaonukia unapochomwa, maelezo ambayo sandarusi, manemane na uvumba wa aina yoyote yangeweza kuyavaa bila ya kushonwa upya. Kidahizo kinachostahili kingeweza kusomeka hivi:

ubani nm [u-] (Kar. lubān) 1. utomvu wenye gundi unaotokana na miti ya jenasi Boswellia iotayo Arabuni, Pembe ya Afrika, Sudan, India na kaskazini mwa Afrika Mashariki. Hukauka kuwa punje nyeupe, za manjano au nyeusi, hunukia unapofukizwa, na aghalabu huyageuza maji kuwa meupe. Taz. pia manemane, sandarusi, udi. 2. fedha au kitu apewacho mfiwa: toa ubani.

Kuhusu mti, njia mbili zipo. Ngeli ya M-/MI- ingetoa mbani, wingi mibani, kwa mfano wa mkarafuu, na neno lingekuwa fupi na la kawaida, ingawa hadi leo hakuna anayelitumia. Njia ya pili ni ndefu zaidi: kwenda Isiolo siku ya soko, kukaa karibu na mizani, na kuwauliza wanawake walioleta magunia wanauitaje mti wenyewe, wanauitaje utomvu mweupe na wanauitaje ule mweusi, kwa maana Kiborana na Kisomali vina maneno ya kutenganisha, na Kiswahili hakijawahi kuona aibu ya kuazima.